Sababu Nyingine

Kazi yangu ilikuwa kukwamua.
Roboti mia mbili na kumi, magurudumu sita kila moja,
zikipeleka maziwa, mayai, dawa za mafua
kwenye njia nyekundu za Milton Keynes,
na mimi nyuma kwa baiskeli.

Mji huu una ng'ombe wa saruji. Wamesimama majanini,
hawali, hawakamwi. Nilipomweleza mama kwa simu
kwamba nachunga visanduku vinavyotembea
alinyamaza, kisha akauliza: "Na jioni vinarudi vyenyewe?"
Vinarudi, mama.
"Basi wanakulipa kwa lipi?"

Wananilipa kwa sababu ya ukingo wa barabara,
sentimita kumi na mbili tu, lakini gurudumu dogo
halijui kuchuchumia.
Kwa sababu ya theluji ya Februari. Ya mbwa wa Bi Pettifer
anayeamini namba 417 ni mbwa mwenzake
na kwa hiyo huikojolea.
Ya watoto wa Fishermead wanaoipindua
ikabaki chali kama kombamwiko, ikisema kwa sauti ya heshima:
samahani, naomba unisaidie.

Kila nikiinua moja, simu huniuliza:
Imekwama kwa nini?
Ukingo. Theluji. Mnyama. Mtu. Sababu nyingine.
Nabonyeza. Napiga picha. Naondoka.
Mara arobaini kwa siku, miaka mitatu,
vidole vimekufa ganzi.

Callum Threlfall, mwenye kampuni, alikuja Desemba
na watu watano wa London waliovaa vizibao vinavyofanana.
Miaka ishirini na tisa, uso wa mtu asiyelala.
Akatugawia keki. Akasema tumeunguza milioni sitini,
akalitamka "tumeunguza" kama anasifia jiko lake.
Zbigniew akaninong'oneza: mimi nikiunguza uji
mke wangu haiti ukuaji.
Sikucheka mbele yao. Nilicheka baadaye, chooni,
mpaka nikakohoa.

Machi wakauza.
Nilidhani wanunuzi wametaka magurudumu,
betri, bohari yetu ya Bletchley yenye paa linalovuja.
Wapi! Roboti walizirundika kwenye kontena kama viazi.
Walichonunua ni majibu yangu:
kila ukingo, kila kidimbwi kinachoganda,
mbwa yupi, saa ngapi, mtaa gani una watoto watundu.
Vyote vikachemshwa chungu kimoja, vikawa akili
ya mashine mpya yenye miguu
inayopanda ukingo bila kumwita mtu.

Kumbe mwalimu nilikuwa mimi, jamani,
na hata chaki sikupewa.
Darasa langu limehitimu
kwa kunifukuza shule.

Nimlaumu nani? Callum alilia kwenye video ya kutuaga,
nadhani alilia kweli. Zbigniew sasa ana lori,
anasema mgongo unamuuma vizuri zaidi.
Bi Pettifer alinigongea kioo cha dirisha:
"Yule mdogo mwenye kibendera, anaumwa?"
Nikamjibu, amehama.
Sijui kwa nini nilisema amehama.

Jana usiku ilianguka tena, theluji ya mwisho wa msimu,
ile isiyo na haya, inayokuja maua yakiwa yameshachanua.
Nikipita kwa miguu pale kona ya 417
nikajikuta nimesimama, magoti yamekunjwa,
mikono tayari kunyanyua.
Hapakuwa na kitu.
Programu yao hawajaifuta. Niliifungua tu nione.
Ikaniuliza, kwa adabu ile ile:
Imekwama kwa nini?

Nikavua glavu.
Ukingo. Theluji. Mnyama.
Kidole kikasita juu ya Mtu, kikashuka, kikapanda tena.
Chembe ya theluji ikatua juu ya kioo,
ikayeyuka, ikabonyeza yenyewe.

Asante, ikasema simu.
Sasa piga picha.